CD ya kubuti inakubali mashine tatu, nyingine zinaipita kama haipo: kosa ni CD, lenzi au BIOS?

#1 Kijana_wa_Rau
Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi, kuna darasa la kompyuta huku Majengo tunalifufua, tumepewa desktopu za zamani, nyingi Pentium 4 zenye RAM ya MB 512. Zilikuwa na XP, na XP yenyewe iliachwa kupewa apdeti tangu Aprili 2014 kwa hiyo sitaki watoto waanzie hapo. Nimeshusha Puppy Linux ya 32-bit (mfumo mdogo wa kuendesha kompyuta) nikaichoma kwenye CD kwa laptopu ya Windows 10, ile ya raiti kliki juu ya faili la ISO (nakala ya diski nzima ndani ya faili moja) alafu unachagua kuchoma. Ikamaliza bila kulalamika. Sasa mashine tatu zimebuti safi, yani zimewaka kutokea kwenye CD, mpaka desktopu ya Puppy ikatokea. Mbili zinaandika mstari wa ISOLINUX (programu inayoanzisha Linux kutoka kwenye CD) pale juu ya kioo alafu zinaganda hapohapo. Zilizobaki zinaizungusha CD kidogo, unaisikia kabisa, alafu zinaingia zake XP. Flashi haiwezekani, BIOS zake (programu ya madabodi inayoamua mashine iwake kutoka wapi) hazina hata sehemu ya kuchagua USB. CD ni ileile moja nahamisha mashine hadi mashine. Naombeni msaada, tatizo liko wapi?

#2 mpole77
Hapo umekopi faili la ISO ndani ya CD badala ya kuichoma kama picha ya diski. Fungua hiyo CD, ukikuta faili moja tu linaloishia na .iso basi jibu ndo hilo. XP ndo ilikuwa inawapoteza watu sana maana yenyewe haikuwa na uwezo wa kuchoma ISO, ukiburuta faili inalichukua inalichoma kama wimbo au picha ya harusi.

#3 Tengeru_Dume
mpole77 soma uzi mkuu. Mashine tatu zimebuti. Ingekuwa imekopiwa faili isingebuti hata moja.

#4 mpole77
Sawa, hilo la mashine tatu nimeliona sasa. Ila acha ibaki hapo juu, kuna watu watapita hapa baadae wakiwa na tatizo hilohilo.

#5 FundiSakina
Salaam wakuu. Ngoja tuliweke hili sawa maana watu wengi wanachoma bila kujua kinachofanya CD ibuti. CD ya data imegawanywa sekta sekta za baiti 2048. Sekta 16 za mwanzo kiwango cha ISO 9660 (utaratibu wa kupanga mafaili kwenye CD) kinaziacha pembeni, yani sekta 0 mpaka 15. Sekta ya 16 ndo inajitambulisha kwamba hii ni ISO 9660. Sekta ya 17, kama CD ni ya kubuti, ina maandishi kabisa EL TORITO SPECIFICATION na inaielekeza BIOS kwenye katalogi ya kubutia, na katalogi ndo inasema programu ya kuanzia iko sekta gani. Hicho kiwango cha El Torito walikitoa Phoenix na IBM mwaka 1995, kabla ya hapo ilibidi uwe na flopi ya kuanzia alafu ndo CD iendelee. Ndo maana ukifungua ISO kwa WinRAR ukatoa mafaili yote ukayachoma kawaida, CD utaiona ina kila kitu, folda zote zipo, lakini haibuti, kwa sababu ile sekta ya 17 haiko ndani ya folda yoyote, haikopiwi. Ukitaka kuhakiki fungua ISO kwa programu ya kusoma heksa (inayoonyesha faili baiti kwa baiti) uende baiti ya 34816 (17 mara 2048), maandishi utayakuta pale.

Sasa kwa kijana wetu: tatu zimebuti, kwa hiyo sekta ya 17 ipo na katalogi ipo. CD ni nzima. Mimi naangalia BIOS. Hizo zinazopita ziingie BIOS uangalie mpangilio wa kubuti, utakuta hadidiski iko ya kwanza.

#6 ChaliiWaNjiro
Fundi umeshusha darasa lakini mi nakataa. Hiyo CD imechomwa kwa spidi kubwa. Ile ya Windows ya raiti kliki haikuulizi spidi, inachoma kwa mwendo wa juu kabisa ambao draivu na CD vinakubaliana, mara 48 mara 52. Draivu mpya inaisoma, draivu za Pentium 4 zimechoka zinashindwa. Choma upya kwa mara 4, utaniambia. Chukua ImgBurn, ya mwisho ni 2.5.8.0 ya mwaka 2013 lakini mpaka leo haijapata mpinzani, pale unachagua spidi mwenyewe.

#7 DadaVifaa
Chalii wa Njiro hilo la mara 4 ni la miaka ya tisini. Enzi hizo draivu yenyewe ilikuwa ya mara 4 na ukichezea kompyuta wakati inachoma bafa (akiba ya data inayosubiri kuchomwa) inaishiwa CD inaharibika, mpaka zilipokuja zile kinga za bafa kuanzia miaka ya 2000. CD za sasa rangi yake imetengenezwa kwa mwendo mkubwa, ukiichoma pole sana mwale unaipika kupita kiasi na makosa yanaongezeka. Nauza vifaa hapa karibu na stendi ndogo, CD zilizoandikwa 52x huwa nawaambia wateja wachome mara 16 mpaka 24. Kwa mara 16 CD iliyojaa inachukua dakika tano na kitu, sio muda wa kumuumiza mtu.

#8 ChaliiWaNjiro
Dada heshima yako ila mi nimechoma za mara 4 miaka na miaka na zinasoma kwenye redio ya gari mpaka leo.

#9 DadaVifaa
Redio ya gari inasoma muziki kaka. Kwenye CD ya muziki sekta nzima ya baiti 2352 ni sauti, kosa dogo likipita redio inalifunika sikio halijui. CD ya data inachukua baiti 2048 tu kutoka kwenye hizo 2352, zilizobaki ni za kupanga na kurekebisha makosa, na ikifika mahali marekebisho yameshindwa hakuna cha kufunika, inasoma au inakataa. Usipime ISO kwa redio.

#10 Mzee_wa_Mbuyuni
Vijana nawasoma wote. Mimi nimefungua draivu hizi tangu zikiwa na mlango wa kufungua kwa mkono. Kijana wa Rau, hebu tuambie zile tatu zilizobuti zina draivu ya aina gani na hizi nyingine zina gani. Hilo ndilo swali la kwanza na hakuna aliyekuuliza.

#11 Kijana_wa_Rau
Shikamoo mzee. Nimezikagua leo. Mbili kati ya zile tatu zina draivu ya DVD, moja CD-RW (inasoma na kuchoma CD). Zinazopita nyingi ni CD-ROM tupu, zimeandikwa 52x kwa mbele, na moja ina DVD. Zile mbili za ISOLINUX ni DVD moja na CD-ROM moja. Kingine, CD halisi ya XP ile ya kiwandani zinaisoma zote, hata zile zinazopita.

#12 Mzee_wa_Mbuyuni
Marahaba. Basi ni lenzi na uchovu wa mwale. CD ya kiwandani ina vishimo halisi vilivyogandamizwa kwenye plastiki, ni rahisi kuisoma. Ya kuchoma haina kishimo, ina rangi iliyobadilika kwa joto, tofauti ya mwanga ni ndogo. Draivu iliyochoka inaisoma ya kiwandani na kuikataa ya kuchoma, hii nimeiona mara nyingi sana hapa mjini na vumbi letu la Septemba. Chukua pamba kwenye kijiti, spiriti kidogo, futa lenzi taratibu bila kuikandamiza, acha ikauke. Na huyo mwenye DVD inayopita msishangae. Draivu ya DVD ina miale miwili, wa CD ni nanomita 780 na wa DVD ni 650. Wa CD ukifa, draivu inaendelea kucheza sinema vizuri kabisa na mwenyewe anaapa draivu ni nzima.

#13 Tengeru_Dume
Mzee umeongea. Hilo la miale miwili lilinisumbua nikiwa na laptopu inacheza DVD zote ila CD hata moja haioni, nikaambiwa ni draiva (programu inayoendesha kifaa) nikapiga windo upya bure.

#14 FundiSakina
Mzee nakuheshimu ila hapo kuna kitu hakijakaa. Amesema mashine zinazopita zikishaingia XP... hajasema kama ndani ya XP hiyo CD ya Puppy inafunguka au haifunguki. Kijana, ingia XP ufungue CD uone kama mafaili yanaonekana na yanakopika. Yakikopika, lenzi inasoma, tunarudi kwenye BIOS.

#15 Nasra_K
Samahani naingilia, mbona hakuna aliyeuliza kama faili lenyewe ni zima? Umeshusha kwa simu au kwa kompyuta? Kwa simu bando likikata katikati kivinjari kingine kinasema imemaliza wakati faili ni pungufu. Kwenye Windows fungua ule ukurasa mweusi wa amri andika certutil -hashfile puppy.iso SHA256 alafu linganisha na herufi zilizowekwa pale uliposhusha, iwe SHA256 kwa SHA256 na kama wameweka MD5 tu basi mwishoni badilisha andika MD5. Herufi moja ikitofautiana futa ushushe tena. Mi siku hizi nashusha kwa torenti maana yenyewe inahakiki kipande kwa kipande na umeme ukikatika unaendelea ulipoishia.

#16 Tengeru_Dume
Nasra uko sahihi kuhakiki ni lazima, lakini faili bovu lingekuwa bovu kwa mashine zote.

#17 Nasra_K
Sio lazima. Kama kipande kibovu ni kile kinachosomwa kwa kadi fulani ya kioo au kwa hadidiski ya aina fulani, mashine moja haitakigusa kabisa na nyingine itakwama juu yake. Hizo mbili zinazoganda zinaweza kuwa hivyo.

#18 FundiSakina
Zinaganda kwenye mstari wa kwanza wa ISOLINUX, Nasra, bado hata kernel (kiini cha Linux) haijaguswa. Hapo mbele kuna mafaili machache tu na mashine zote zinayasoma yaleyale.

#19 Himo_Express
Jamani betri! Mmesahau betri ya madabodi. CR2032, ile ya volti 3 kama sarafu. Mashine za miaka yote hiyo betri imekufa, kila ukichomoa waya wa umeme BIOS inasahau kila kitu inarudi mpangilio wa kiwandani. Kwahiyo ukibadilisha leo CD iwe ya kwanza, kesho umeme ukikatika usiku asubuhi hadidiski iko juu tena. Angalia tarehe kwenye hizo mashine, ukikuta imerudi miaka ya mwanzo ya 2000 ujue tayari. Na hata ukifanikiwa kuweka Puppy, tarehe ikiwa imerudi nyuma hivyo kivinjari kitakataa karibu kila tovuti kwamba cheti sio halali, watoto watasema intaneti mbovu kumbe ni betri.

#20 mpole77
Himo hii ya tarehe na intaneti nimeikuta kwa jirani leoleo, asante sana aisee.

#21 Barafu_ya_Uru
Wakuu naomba niulize humuhumu. Nina laptopu nataka niipige XP kwa ajili ya mashine ya kukata stika, CD inabuti vizuri inaanza kupakia mafaili alafu kioo cha bluu 0x0000007B. Je CD mbovu?

#22 ChaliiWaNjiro
Fungua uzi wako kaka, hapa tuna mgonjwa mwingine kitandani.

#23 FundiSakina
Mwache, ni la dakika moja. Barafu, CD yako ni nzima. XP haina draiva ya SATA ya AHCI (namna mpya zaidi ya kuongea na hadidiski) ndani yake. Ingia BIOS kwenye mambo ya SATA badilisha AHCI iwe IDE au Compatibility, maliza kupiga windo. Kama BIOS haina chaguo hilo itabidi uchome CD mpya uliyoiingizia draiva kwa programu ya nLite, na ukiijenga upya usisahau kuweka faili la sekta ya kubutia, kwenye ImgBurn inakuuliza segmenti unaweka 07C0 na idadi ya sekta 4, bila kuigiza flopi. Ukikosea hapo mafaili yote yanakuwepo na CD haibuti.

#24 Barafu_ya_Uru
Imekubali kwa IDE. Ubarikiwe fundi.

#25 Mama_Stationery
Mi naomba kujua, CD-RW si nzuri zaidi? Unachoma, ukikosea unafuta, jero yako haiendi bure.

#26 DadaVifaa
Kwa kujaribia kwenye laptopu yako ni nzuri mama, lakini kwa mashine za huyu kijana hapana. CD-RW inarudisha mwanga kidogo sana, kama asilimia 15 mpaka 25, wakati ya kiwandani na CD-R (ya kuchoma mara moja tu) nzuri ni zaidi ya 65. Draivu ya CD-ROM ya zamani ambayo tayari inamkatalia CD-R, CD-RW ndo haitaiona kabisa.

Na nyinyi mnaonunua CD-R angalieni rangi ya upande wa chini. Ile ya bluu iliyokolea ni azo, ile inayokaribia kutokuwa na rangi ni fitalosianini, ya kijani kijani kwa kawaida ni sianini na hiyo jua linaila haraka, usiiache kwenye dashibodi. Alafu msiandike jina kwa bik kwa juu. Kwenye CD data iko juu huko chini ya rangi nyembamba ya lebo, sio chini kwenye plastiki nene kama watu wanavyodhani. Mkwaruzo wa chini unaweza kusuguliwa, wa juu umekula data. DVD ndo data imewekwa katikati ya plastiki mbili.

#27 ChaliiWaNjiro
Wa chini unasuguliwa kwa dawa ya meno, mwanangu hiyo nimefanya na imekubali.

#28 Mzee_wa_Mbuyuni
Dawa ya meno nyeupe, sio ile ya jeli, na unasugua kutoka katikati kwenda nje, sio kuzunguka. Kuzunguka unachora mkwaruzo unaofuata njia ya mwale, huo ndio mbaya kuliko wote.

#29 Nasra_K
Nilijua tu huu uzi utafika kwenye Colgate

#30 Zamani_Posta
Mmenikumbusha mbali. Nilikuwa natumia sanduku la posta la shule hapa Moshi kuagiza CD za Ubuntu, Linux nyingine hiyo, na wenyewe Canonical walikuwa na mpango unaitwa ShipIt, unajaza jina na anwani wanakuletea CD za kiwandani bure mpaka mlangoni, hulipi chochote. Kwa sisi ambao kushusha MB 700 ilikuwa ni kulala intaneti kafe, ile ilikuwa baraka kweli. Waliusimamisha 2011. Na mwaka uliofuata Ubuntu 12.10 haikuenea tena kwenye CD, ikabidi DVD au flashi. Zile CD za kiwandani zingebuti kwenye mashine za huyu kijana zote, mzee amesema kweli kuhusu vishimo.

#31 Tengeru_Dume
Hapo kwenye kuenea kuna watu wanachanganyikiwa pia. CD ya dakika 80 ina sekta 360,000, mara 2048 unapata baiti 737,280,000. Windows inagawanya kwa 1024 inakwambia MB 703, tovuti nyingine inagawanya kwa 1000 inasema MB 737. Usikimbilie kusema ISO ya 730 haiingii kabla hujajua wanahesabu vipi. Na kama umechoma DVD kwa sababu ISO ni kubwa basi mashine yenye CD-ROM tupu isahau.

#32 Kijana_wa_Rau
Nimerudi wakuu, nimeshinda huko tangu asubuhi. Majibu:
Faili: herufi zimelingana zote, Nasra.
Ndani ya XP: kwenye baadhi ya zinazopita CD inafunguka na mafaili yanakopika. Kwenye nyingine inazunguka wee alafu XP inasema weka diski.
Betri: tarehe zimerudi nyuma karibu kote. Nimeweka betri mpya kwenye moja na kupanga CD iwe ya kwanza, imebuti!
Lenzi: nimefuta moja kwa pamba kama mzee alivyosema, nayo imebuti.
Spidi: nimechoma nyingine kwa mara 16 kwa ImgBurn kwenye CD ya bluu ya dada. Mashine moja iliyokuwa inaikataa ya kwanza imeikubali hii bila kufutwa lenzi. Nyingine bado imekataa zote mbili hata baada ya kufuta.
Zile mbili za ISOLINUX hakuna kilichobadilika.

#33 Himo_Express
Betri oyeee

#34 Mzee_wa_Mbuyuni
Lenzi.

#35 DadaVifaa
Na rangi ya CD jamani, msinisahau, imekubali bila hata kufutwa.

#36 ChaliiWaNjiro
Dada ile ni spidi imepungua kutoka 48 kwenda 16, mi nilisema ipunguzwe.

#37 DadaVifaa
Ulisema mara 4! Na alibadilisha CD na spidi kwa pamoja, sasa hatujui kipi kimesaidia. Kijana ungechoma CD ya aina ileile ya kwanza kwa mara 16 ndo tungejua.

#38 FundiSakina
Tuje kwenye zile mbili maana hizo ndo ngumu. Kuna BIOS za zamani ambazo El Torito yake haijakamilika. Kiwango kina njia kadhaa, unaweza kuigiza flopi, kuigiza hadidiski, au bila kuigiza chochote. ISOLINUX inatumia ya tatu. BIOS nyingine zilijaribiwa kwa flopi tu ndo zikauzwa. Dawa yake ni kujenga CD inayoanza kwa picha ya flopi ya MB 1.44, au kuna Plop Boot Manager, CD yake ni ndogo sana, ikishabuti yenyewe ina draiva zake za USB na za CD bila kutegemea BIOS. Hapo unaweza hata kuchomeka flashi kwenye mashine ambayo BIOS yake haijui flashi ni nini.

#39 Tengeru_Dume
Fundi, CD ya XP nayo haiigizi flopi, umesema mwenyewe hapo #23. Na #11 amesema zote zinaisoma ya XP. Kama hizo mbili zinabuti CD ya XP, hoja yako ya BIOS inaanguka.

#40 FundiSakina
Amesema zinaisoma, hajasema zinaibuti. Na hata zikiibuti, XP na ISOLINUX kila mmoja anaiomba BIOS kusoma diski kwa namna yake baada ya ile hatua ya kwanza, mmoja anaweza kupita pale mwingine anapokwama. Watu wa ISOLINUX wenyewe walitoa faili la pili, isolinux-debug.bin, linaloandika kila hatua kwenye kioo ili ujue limekwama wapi. Alijenge upya hiyo ISO kwa hilo faili tuone.

#41 Nasra_K
RAM je? Memtest86+ (programu ya kupima RAM) inaingia kwenye CD hiyohiyo. Chip moja mbovu inatosha.

#42 Tengeru_Dume
XP inakaa siku nzima bila kioo cha bluu, sidhani RAM. Mi nasema waya. Kwenye IDE (ule waya mpana wa hadidiski na CD) angalia jampa, kile kiplastiki kidogo cha nyuma ya draivu kinachounganisha pini, kama hadidiski na CD ziko kwenye waya mmoja na zote zimewekwa masta (wa kwanza kwenye waya), mambo ya ajabu yanatokea, inaonekana ipo alafu inaganda. Au waya wenyewe wa pini 40 umekunjwa kunjwa.

#43 Zamani_Posta
Kuna njia fupi jamani. Chomoa hadidiski ya mashine inayogoma, ipeleke kwenye inayobuti, weka Puppy, irudishe. Puppy haichagui sana mashine, inajipima upya kila inapowaka.

#44 mpole77
Au netiweki. Kadi nyingi za netiweki za enzi hizo zina PXE (kubuti kupitia netiweki), mashine moja inakuwa seva ya DHCP na TFTP, yani inagawa anwani na mafaili, nyingine zote zinavuta kutoka pale, huhitaji CD tena.

#45 FundiSakina
Zote mbili ni njia nzuri za kuondoka. Lakini mwakani akipata mashine nyingine kumi atakuwa hajui zile zilikwama kwa nini, na mimi ningependa ajue.

#46 Mzee_wa_Mbuyuni
Kijana, Jumamosi nitakuwa Kiboriloni asubuhi, nikitoka huko napita Majengo. Nina draivu mbili za CD za IDE ambazo nina uhakika nazo. Tutachomeka moja kwenye ile iliyokataa CD zote mbili, ikibuti ni mwale umekufa na haina haja ya kubishana. Kwa zile za ISOLINUX nitaleta na waya mpya tuanze na la Tengeru kwa sababu ndilo rahisi.

#47 Kijana_wa_Rau
Asante sana mzee nakusubiri. Fundi, ile isolinux-debug.bin naijengaje? Nina Puppy inayobuti hapa, naweza kufanyia humo?

#48 FundiSakina
Ndio. Kopi mafaili yote ya CD kwenye folda ya hadidiski, badilisha isolinux.bin kwa hilo la debug ulipe jina lilelile, alafu uwe nje ya hiyo folda:
mkisofs -o jaribio.iso -b isolinux.bin -c boot.cat -no-emul-boot -boot-load-size 4 -boot-info-table -R -J folda_yako
Hiyo -boot-info-table usiisahau, bila hiyo ISOLINUX haijui yenyewe iko wapi kwenye diski. Kama mkisofs haipo jaribu genisoimage, amri ni zilezile. Kama isolinux.bin iko ndani ya folda ndogo andika njia yake yote kuanzia ndani ya hiyo folda yako. Hakikisha faili la debug ni la toleo lilelile la ISOLINUX iliyomo kwenye CD, usichanganye. Choma kwa spidi ya mara 16, weka kwenye moja ya zile mbili, piga picha kioo kikiganda ulete hapa. Na uandike jina na tarehe ya BIOS, inapita haraka mwanzoni ukiwasha, bonyeza kitufe cha Pause uikamate.

#49 Himo_Express
Ukiwa unafungua hizo kava mbili weka na betri basi, zisije zikasahau Jumapili.

#50 Kijana_wa_Rau
Nazinunua kesho. CD za kuchomea ninazo mbili zimebaki, moja ya bluu moja ya zile za kwanza, dada, hiyo ya aina ya kwanza nitaichoma kwa spidi ya mara 16 vilevile kama ulivyotaka ili spidi na rangi tuvitenganishe.

#51 DadaVifaa
Na ijaribu kwenye mashine ileile iliyokubali ya bluu, usihamie nyingine.

#52 ChaliiWaNjiro
Na ikikubali mnaniita.